Jeff Hall: Beki wa Uingereza na Foleni ya Chanjo ya Polio

Jumamosi ya tarehe 21 Machi 1959, timu ya Birmingham City ilisafiri hadi mji wa bandari wa Portsmouth, kusini mwa Uingereza, kucheza mechi ya ligi katika uwanja wa Fratton Park. Nafasi ya beki wa kulia ilishikwa, kama ilivyokuwa desturi kwa miaka kadhaa, na Jeff Hall, kijana wa miaka 29 ambaye tayari alikuwa ameichezea timu ya taifa mara 17. Hakuna mtazamaji aliyeondoka uwanjani siku hiyo akidhani amemwona mgonjwa. Siku 14 baadaye, Jumamosi ya tarehe 4 Aprili, Hall alikuwa maiti. Ugonjwa uliomwua ulikuwa polio.

Kwa mashabiki wa soka, habari hiyo ilikuwa msiba wa klabu na wa taifa. Kwa watumishi wa afya wa Uingereza ilikuwa pia mwanzo wa jambo ambalo matangazo yao hayakuwa yameweza kulifanya: vijana walianza kumiminika kwenye vituo vya chanjo. Maisha ya beki huyu yanastahili kusimuliwa kwa pande zote mbili, kwa kuwa upande wa pili hauna maana pasipo kuujua wa kwanza.

Kutoka Bradford hadi St Andrew's

Jeffrey James Hall alizaliwa mwezi Septemba 1929 huko Scunthorpe, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Lincolnshire. Alianza soka akiwa mchezaji wa ridhaa wa Bradford Park Avenue, na mwaka 1950 akahamia Birmingham City, klabu yenye makao yake katika uwanja wa St Andrew's. Hakuja akiwa beki. Alikuwa amezoea kucheza mbele zaidi, katika nafasi ya kiungo na ya mshambuliaji wa ndani, na ni klabu hiyo mpya iliyomrudisha nyuma na kumfanya beki wa kulia.

Mabadiliko hayo yalimfaa. Beki wa pembeni wa zama zile alitarajiwa kuwa na kazi moja tu, kumzuia winga wa upande wake asipite. Wengi walikuwa watu wa miraba minne waliotegemea nguvu. Hall hakuwa mtu wa umbo kubwa. Alitegemea mbio, wepesi wa kugeuka na akili ya kusoma mchezo, na kwa kuwa aliwahi kucheza mbele, alijua kuutoa mpira kwa utulivu badala ya kuubutua tu. Aliichezea Birmingham zaidi ya mechi 220 za ligi.

Katikati ya miaka ya 1950 klabu hiyo ilipitia kipindi ambacho mashabiki wake wanakikumbuka hadi leo. Chini ya kocha Arthur Turner, Birmingham ilitwaa ubingwa wa Daraja la Pili katika msimu wa 1954/55. Msimu uliofuata ilimaliza katika nafasi ya sita katika Daraja la Kwanza, lililokuwa ngazi ya juu kabisa ya soka la Uingereza, na haijapata kushika nafasi ya juu zaidi ya hiyo. Mwaka 1956 klabu hiyo hiyo ikawa ya kwanza kutoka Uingereza kucheza mechi ya mashindano ya vilabu vya Ulaya.

Mwaka huo huo Birmingham ilifika fainali ya Kombe la FA bila kucheza hata mechi moja nyumbani, kwa sababu kila mara kura iliitupa ugenini. Tarehe 5 Mei 1956, katika uwanja wa Wembley, ilifungwa na Manchester City mabao 3 kwa 1. Fainali hiyo inakumbukwa zaidi kwa jeraha la kipa wa Manchester City, Bert Trautmann, aliyegongana na mshambuliaji wa Birmingham, Peter Murphy, zikiwa zimesalia takriban dakika 17. Trautmann aliendelea kulinda lango hadi mwisho, na siku chache baadaye ikagundulika kwamba alikuwa amevunjika mfupa wa shingo. Kanuni za wakati huo hazikuruhusu mchezaji wa akiba kuingia. Kuumia au kuugua hakukuwa sababu ya kutoka uwanjani. Mchezaji alivumilia, na uvumilivu huo ulihesabiwa kuwa ndio uanaume.

Ikumbukwe pia kwamba wachezaji hawa hawakuwa matajiri. Mshahara wao ulikuwa na kikomo kilichowekwa na ligi, na mwaka 1958 kikomo hicho kilikuwa pauni 20 kwa wiki. Mchezaji wa timu ya taifa aliishi mtaa mmoja na wafanyakazi wa viwandani waliomshangilia, na baadhi yao walimwona akipanda basi kwenda mazoezini. Ukaribu huo una umuhimu katika yale yaliyofuata.

Mechi 17, mshirika mmoja

Hall aliitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 1955, katika mechi dhidi ya Denmark mjini Copenhagen, ambayo Uingereza ilishinda mabao 5 kwa 1. Hadi mwaka 1957 alikuwa amecheza mechi 17, na katika mechi hizo zote beki wa kushoto alikuwa mtu mmoja, Roger Byrne, nahodha wa Manchester United. Katika mechi 17 za ushirikiano wao Uingereza ilifungwa mara moja tu, na Wales mjini Cardiff. Wawili hao walikuwa uwanjani Wembley mwezi Mei 1956 Brazil ilipolala kwa mabao 4 kwa 2, na majuma machache baadaye wakawa Berlin, Ujerumani Magharibi, iliyokuwa bingwa wa dunia, ilipofungwa 3 kwa 1.

Byrne alitangulia kuondoka. Tarehe 6 Februari 1958 alikuwa miongoni mwa wachezaji wanane wa Manchester United waliopoteza maisha kutokana na ajali ya ndege mjini Munich. Alikuwa na umri wa miaka 28. Hall alibaki miezi 14 tu baada ya mwenzake. Hivyo mabeki wawili walioilinda Uingereza pamoja kwa miaka miwili walizikwa wote kabla ya kufikisha miaka 30, mmoja kwa ajali isiyozuilika na yeye, mwingine kwa ugonjwa ambao chanjo yake ilikwisha kupatikana.

Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa watoto

Polio husababishwa na virusi vinavyoingia mwilini kwa njia ya kinywa, kwa kawaida kutokana na mikono, maji au chakula vilivyochafuliwa na kinyesi cha mtu aliyeambukizwa. Virusi huongezeka kwanza katika koo na utumbo. Wengi wa walioambukizwa hawaoni dalili yoyote. Baadhi hupata homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutapika, kisha hupona wakidhani walipata mafua. Kwa wachache, virusi hupenya hadi katika uti wa mgongo na kuharibu seli za neva zinazoamrisha misuli. Misuli iliyokosa amri hulegea, na kiungo hupooza.

Hatari kubwa zaidi hutokea virusi vinapofika katika shina la ubongo. Hapo mgonjwa hushindwa kumeza, kusema na hatimaye kupumua. Katika miaka ya 1950, aliyefikia hali hiyo aliweza kulazwa ndani ya mashine kubwa iliyojulikana kama pafu la chuma, iliyomsaidia kuvuta na kutoa pumzi, lakini wengi walikufa licha ya msaada huo. Hakukuwa na dawa ya kuua virusi hivyo, na hadi leo haipo.

Kwa Kiingereza ugonjwa huu uliitwa kwa muda mrefu kupooza kwa watoto wachanga, na jina hilo lilidanganya. Ni kweli kwamba pale penye usafi duni karibu kila mtoto hukutana na virusi akiwa mdogo, mara nyingi akiwa bado na kinga aliyopewa na mama yake. Mji unapopata maji safi na vyoo bora, wengi hukua bila kukutana navyo, na wakiambukizwa wakiwa watu wazima madhara huwa makali zaidi. Miongoni mwa watoto walioambukizwa, anayepooza ni takriban mmoja katika 1,000. Miongoni mwa watu wazima ni takriban mmoja katika 75. Katika watu wazima waliopooza, waliokufa walikuwa kati ya asilimia 15 na 30. Kijana mwenye afya na nguvu hakuwa na ngao yoyote katika afya na nguvu zake.

Tena, nguvu zenyewe zilikuwa na hatari yake. Baada ya mlipuko mkubwa wa polio nchini Uingereza mwaka 1947, daktari bingwa wa neva wa Oxford, Ritchie Russell, alichunguza wagonjwa na kuonyesha kwamba waliopumzika kitandani tangu dalili za mwanzo walipooza kidogo kuliko walioendelea na kazi nzito au michezo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1949. Kwa jamii iliyomsifu mchezaji anayecheza huku ameumia, lilikuwa fundisho gumu kupokelewa.

Chanjo ilikuwepo, watu hawakuwepo

Mwezi Aprili 1955 ilitangazwa nchini Marekani kwamba chanjo ya sindano iliyotengenezwa na Jonas Salk inakinga dhidi ya polio. Furaha ilikuwa kubwa, lakini katika majuma yale yale ikagundulika kwamba baadhi ya shehena za mtengenezaji mmoja zilikuwa na virusi visivyouawa sawasawa, na watoto kadhaa walipooza, wengine wakafa. Uingereza ikaamua kwenda kwa tahadhari. Iliandaa chanjo yake kwa kutumia aina ya virusi isiyo kali, na mwezi Mei 1956 ikaanza kuwachanja watoto, kiasi cha dozi kikiwa kidogo kuliko idadi ya walioandikishwa.

Kufikia mwaka 1958 dozi zilikuwa zimeongezeka, na huduma ikapanuliwa kwa vijana hadi umri wa miaka 25. Ilitolewa bila malipo. Mabango yalibandikwa, redio ikatangaza, madaktari wakasihi. Watoto waliletwa na wazazi wao, lakini vijana wenyewe hawakuja kwa wingi. Sababu si ngumu kuzielewa. Walijiona wazima. Jina la ugonjwa liliwaambia kwamba si wao wanaolengwa. Sindano ilihitaji kurudiwa, na kurudi kulimaanisha kuomba ruhusa kazini. Baadhi walikuwa bado wanakumbuka habari za Marekani. Zaidi ya yote, hakuna aliyekuwa na sura ya mtu anayemfahamu ya kuiweka mbele ya neno polio.

Tarehe 4 Aprili 1959 sura hiyo ilipatikana. Siku chache tu baada ya mechi ya Portsmouth, Hall alilazwa hospitalini, ugonjwa ukatambuliwa kuwa polio, na kupooza kukaenea mwilini. Magazeti yalifuatilia hali yake siku baada ya siku, na mamilioni ya watu wakawa wanasubiri habari za beki huyu kama wanavyosubiri habari za ndugu. Alipofariki, mjane wake alijitokeza katika televisheni na kueleza yaliyompata mumewe. Hakuwa daktari wala ofisa wa serikali. Alikuwa mwanamke kijana aliyempoteza mume mwenye afya katika muda wa majuma mawili.

Ujumbe ulisikika. Katika miji mingi vijana walipanga foleni nje ya vituo vya chanjo. Ikabidi vituo vya dharura vifunguliwe, na dozi zaidi ziletwe kwa ndege kutoka Marekani ili kukidhi mahitaji. Chanjo ambayo kabla ya hapo ilisubiri watu, sasa watu waliisubiri.

Kuna jambo moja linaloongeza uzito wa kisa hiki. Hall alikuwa na miaka 29, yaani alikwisha kuuvuka umri uliowekwa katika mpango wa mwaka 1958. Waliosimama katika foleni kwa sababu yake walikuwa wadogo zake, ambao nafasi yao ilikuwa wazi siku zote hizo. Mwaka 1960 huduma ilipanuliwa hadi kwa watu wa miaka 40, na mwaka 1962 ikaanza kutumika chanjo ya matone, iliyotolewa juu ya kipande cha sukari. Katika miaka iliyofuata polio ilififia nchini humo, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa huko kwa njia ya kawaida aliandikwa mwaka 1984. Katika uwanja wa St Andrew's klabu ilisimamisha ubao wa matokeo wenye saa kwa kumbukumbu ya beki wake.

Mwenzako akinyolewa

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii inaeleza vizuri yaliyotokea Uingereza mwaka 1959, lakini inabeba pia lawama. Mtu asingelazimika kunyolewa kwanza ili wengine watie maji. Takwimu zilikuwepo, dozi zilikuwepo, na wataalamu walisema ukweli. Kilichokosekana ni daraja kati ya kujua na kutenda, na daraja hilo likajengwa kwa kifo.

Mtumishi wa afya anaweza kujifunza mengi hapa. La kwanza, anayekataa au kuchelewa kuchanjwa si lazima awe mjinga wala mkaidi. Mara nyingi hajaliona tatizo kuwa lake. Kumkemea hakumsaidii, kumsikiliza, kumjibu hofu yake bila kumdharau, na kumpunguzia usumbufu wa kufuata huduma humsaidia zaidi. La pili, ushuhuda wa mtu anayefahamika na jamii hufika mahali ambapo bango halifiki. Mama aliyelea mtoto mwenye ulemavu uliotokana na polio, au mzee anayetembelea gongo tangu utotoni, ni mwalimu mwenye nguvu iwapo mwenyewe yu radhi kusema. La tatu, habari ya kasoro ya chanjo ikitokea isifichwe. Uingereza ilipoteza imani ya baadhi ya watu kwa tukio lililotokea ng'ambo ya bahari. Imani hiyo hurejeshwa kwa uwazi, si kwa ukimya.

Polio haijawa historia tu. Mwezi Agosti 2020 ukanda wa Afrika wa Shirika la Afya Duniani ulitangazwa kuwa huru dhidi ya virusi asilia vya polio, lakini mwaka 2022 virusi hivyo viligunduliwa tena Malawi na Msumbiji vikiwa vimeletwa kutoka nje ya bara, na Tanzania ikaingia katika kampeni za pamoja za kuwachanja watoto nyumba kwa nyumba. Zaidi ya hayo, pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo ya matone vikizunguka kwa muda mrefu vinaweza kubadilika na kurudia ukali wake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imesumbuliwa na milipuko ya aina hiyo kwa miaka kadhaa. Tiba ya hali hiyo si kuacha chanjo bali kuifikisha kwa kila mtoto, kwa kuwa virusi hukosa njia pale ambapo kila mtu ana kinga.

Mzazi ahakikishe mtoto wake anapata matone anapozaliwa, kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na sindano ya polio kwa ratiba ya kituo chake. Aliyekosa dozi asione haya kurudi. Kituo kitamwendeleza pale alipoishia. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula, na maji ya kunywa yachemshwe. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu kwa ghafula, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, hata kama hana homa. Mtumishi atakayempokea atoe taarifa mara moja na kuhakikisha zinachukuliwa sampuli mbili za choo, zikipishana kwa muda usiopungua saa 24, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze. Mgonjwa apumzishwe, na sindano zisizo za lazima za kuchoma katika misuli ziepukwe, kwa kuwa zinaweza kuchochea kupooza kwa kiungo kilichochomwa.

Siku 14 ni muda ule ule uliotenganisha mechi ya Fratton Park na kifo cha Jeff Hall. Katika muda huo virusi vilimaliza kazi yao, na hakuna daktari aliyeweza kuvizuia. Kazi ya kuvizuia ilipaswa kufanyika kabla, siku ya kawaida, mtu akiwa mzima na hana haraka, katika foleni fupi isiyo na msiba ndani yake.